Mataifa Sita ya raga ya wanawake: anayeshika mkia apiganie nafasi yake, au aachwe alipo?

Mleta mada:

Wadau wa raga, salaam. Naleta hoja hii tuichambue kwa matokeo ya uwanjani, ushabiki tuuweke kando kidogo.

Msimamo wangu ni kwamba timu inayoshika mkia kwenye michuano ya Mataifa Sita ya wanawake icheze mechi moja ya mchujo na bingwa wa michuano ya Rugby Europe, ambayo ndiyo daraja linalofuata barani Ulaya. Ikishinda ibaki, ikifungwa impishe mwenzake. Kwa utaratibu wa sasa England, Ufaransa, Ireland, Scotland, Wales na Italia wana viti vya kudumu. Ufungwe mechi zote tano, mwakani jina lako liko kwenye ratiba kama kawaida.

Wapo wanaodhani mambo yalikuwa hivi tangu mwanzo. Hapana. Michuano ilianza 1996 na mataifa manne tu: England, Scotland, Wales na Ireland. Ufaransa wakaingia 1999. Ilipofika 2002 na timu kuwa sita, wa sita alikuwa Hispania, si Italia. Mwaka 2007 Hispania wakatolewa, Italia wakawekwa. Hakuna mechi iliyoamua hilo. Kwa wanaume Italia ndio waliokuwa ndani, basi ikaonekana na upande wa wanawake ufanane. Wachezaji wa Hispania wakapoteza nafasi yao kwa sababu ya mpangilio wa mashindano ambayo wao hawayachezi. Hilo linaniuma mpaka leo, na naamini lingemuuma yeyote aliyewahi kuvaa jezi ya timu yoyote.

Na waliotolewa hawakukaa kulia. Aprili 2013 waliwafunga Scotland mjini Madrid wakaenda Kombe la Dunia la 2014. Novemba 2016 wakawatoa Scotland tena, nyumbani na ugenini, wakaenda la 2017. Septemba 2021 kule Parma wakawafunga Ireland 8–7 kwenye mechi za kufuzu, na Ireland wakaishia kulikosa Kombe la Dunia. Waliofungwa wote walirudi kwenye viti vyao vya Mataifa Sita. Aliyewafunga akarudi nje.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, historia umeieleza vizuri, ila umeruka jambo moja kubwa: mshahara.

Timu ya taifa ya wanawake si sawa na ya wanaume yenye klabu tajiri nyuma yake. England ndio waliotangulia kuwapa wachezaji wao mikataba ya kudumu, Januari 2019, wachezaji 28. Wales walianza Januari 2022, na walianza na wachezaji 12 tu. Ireland na Scotland wakafuata mwaka huohuo. Hii ni ajira changa. Mchezaji ameacha ualimu, ameacha uuguzi, amehamia karibu na kambi ya taifa. Timu ikishuka daraja, televisheni inaondoka, mdhamini anaondoka, na chama kinapokaa kupunguza matumizi unajua kabisa bajeti itakayokatwa kwanza. Haitakuwa ya wanaume.

Kwa hiyo unaposema "impishe mwenzake", mimi nasikia wanawake thelathini na kitu wanarudi kufanya mazoezi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda kazini. Wewe unatafuta haki ya Hispania, sawa. Haki ya hao wengine iko wapi?

Halafu hiyo mechi unayoitaka ilishachezwa. Juni 2024 Wales, walioshika mkia mwaka ule, walikutana na Hispania pale Cardiff kugombea nafasi ya WXV 2, yaani daraja la pili la michuano ya dunia ya WXV iliyokuwa na madaraja matatu. Wales 52, Hispania 20. Tulishaona jibu.

Mchangiaji wa pili:

Nyote mnahangaika na mkia wakati ugonjwa uko kichwani.

England wamechukua ubingwa kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2025. Kuanzia 2022 hadi 2025 hawakupoteza hata mechi moja ya michuano hii. Aprili 2024 waliwafunga Ireland 88–10 kwenye uwanja wao wa Twickenham, mbele ya watu zaidi ya 48,000. Na kumbukeni Ireland hao walimaliza nafasi ya tatu mwaka ule! Kama wa tatu anafungwa 88, wa saba ukimwingiza atafungwa ngapi?

Ambao hawajacheza raga ya wachezaji 15 niwaeleze kinachotokea. Ukishafungwa trai, yaani mpinzani akigusisha mpira chini nyuma ya mstari wenu, mnarudi chini ya nguzo zenu, mnasimama mnahema wakati mpinzani anapiga mkwaju wa nyongeza. Kisha mnatembea hadi katikati ya uwanja, na ninyi mliofungwa ndio mnaoanza mpira kwa kuupiga kuelekea kwao. Maana yake mnamkabidhi mpira yuleyule aliyetoka kuwafunga. Anaudaka, anawajia tena na nguvu zake zote. Mkipata penalti mkautoa nje, mpira wa kurushwa unagombewa na watu wanaowazidi uzito na urefu. Dakika ya sitini miguu imekwisha, skramu (pale pande mbili zinapofungamana na kusukumana kugombea mpira) inarudi nyuma, na hapo ndipo shingo na magoti yanapoumia. Mimi nimecheza safu ya mbele. Kusukumwa kinyumenyume kwenye skramu jioni nzima ni jambo la hatari, acha aibu.

Timu ya daraja la chini isipelekwe pale kwa kuionea huruma.

Mleta mada:

Nianze na wewe wa pili. Hoja ya usalama naipokea kwa uzito wake wote, na wewe uliyekuwa safu ya mbele una haki ya kuisema kwa sauti. Lakini itazame vizuri: inamhusu nani? Kati ya walio kwenye viti vya kudumu, mwaka 2025 Wales walifungwa na England 67–12, Scotland 59–7, Ireland 49–5. Kama kipimo ni "asiyeweza kusimama mbele ya England asiingie", tutabaki na England na Ufaransa wakicheza wenyewe kila wiki. Na Ufaransa nao angalieni walichofanya mwaka huo. Mechi ya mwisho Twickenham, England wanatafuta kumaliza bila kufungwa, na mechi ikaisha 43–42. Pointi moja! Mwaka 2023 palepale ilikuwa 38–33, na watu 58,498 walilipa kuingia. Aliyewakaribia England ni yule anayekutana nao kila mwaka na mwenye ligi imara nyumbani. Pengo halipungui kwa kumfungia mtu nje.

Ubabe wa England una chanzo kinachojulikana: ligi yao ya klabu iliyopangwa upya 2017, kisha mikataba ya 2019. Huo ni uwekezaji, na dawa yake ni wengine kuwekeza. Haiponywi kwa kufunga mlango wala kwa kuufungua, kwa hiyo naomba tusichanganye mada hizi mbili.

Sasa mshahara. Hapa ndipo penye hoja nzito kuliko zote, na bila kuijibu pendekezo langu halifai. Namjibu ndugu wa kwanza kwa mfano wa Ireland.

Ireland walikuwa mabingwa 2013 na 2015. Wakateremka, wakalikosa Kombe la Dunia lililochezwa 2022, na baada ya fedheha ile ndipo chama chao kilipofanya tathmini na kuanza kutoa mikataba ya kulipwa. Mwaka 2023 wakafungwa mechi zote tano za Mataifa Sita, kukiwemo kipigo cha 48–0 kutoka kwa England nyumbani kwao Cork. Oktoba mwaka huohuo wakapelekwa WXV 3 kule Dubai, daraja la tatu la dunia. Ireland daraja la tatu! Walienda, wakashinda mechi zote, na ya mwisho waliipata kwa jasho: 15–13, dhidi ya Hispania haohao. Mwaka uliofuata wakawa wa tatu Mataifa Sita, na Septemba 2024 kule Vancouver wakawafunga New Zealand, mabingwa wa dunia, 29–27.

Kwa hiyo kushuka peke yake hakuui timu. Kinachoiua ni kushuka ukiwa umekatiwa fedha, na Ireland hawakukatiwa. Ndiyo maana pendekezo langu lina sharti: timu itakayoshuka iendelee kupata mgawo wake wa fedha za mashindano kwa miaka miwili, na chama chake kifungwe kimkataba kwamba fedha hizo ni za wachezaji wa kike peke yao. Bila sharti hilo, hata mimi napiga kura ya hapana.

Na ile 52–20 ya Cardiff ndiyo mechi ninayoipenda kuliko zote katika mjadala huu. Wales waliingia wakijua wakifungwa wanaangukia WXV 3. Wakacheza kama watu wenye kitu cha kupoteza, wakashinda kihalali, na Hispania wakaenda daraja la chini bila kinyongo kwa sababu waliamuliwa na mpira. Sasa mniambie kwa nini nafasi ya WXV iliweza kupiganiwa namna ile lakini nafasi ya Mataifa Sita haigusiki.

Mchangiaji wa tatu:

Nimesoma wote. Mimi niko katikati, ila mleta mada usiwapambe sana Hispania. Kombe la Dunia la 2025 walicheza mechi tatu wakafungwa zote: New Zealand 54–8, Ireland 43–27, Japani 29–21.

Lakini haki iwe kwa pande zote. Wales nao walifungwa tatu palepale: Scotland 38–8, Canada 42–0, na Fiji 28–25. Fiji! Kwa hiyo aliye ndani na aliye nje walitoka mikono mitupu wote. Mnaosema kuna ukuta kati ya timu ya sita na ya saba barani Ulaya, mimi siuoni.

Pendekezo langu ni tofauti: ziwe timu nane, makundi mawili ya nne, kisha fainali. Hakuna wa kushuka, hakuna wa kukatiwa mshahara. Mwaka 2021 walicheza kwa makundi na fainali kwa sababu ya korona, na mashindano hayakufa. Fainali ile England waliwafunga Ufaransa 10–6.

Mchangiaji wa kwanza:

Timu nane naipinga. Makundi yanaua mechi ambazo watu wanazisubiri. Mwaka huo wa 2021 kuna majirani hawakukutana kabisa, au walikutana kwenye mechi ya kugombea nafasi tu. Raga ya wanawake inauza tiketi sasa. Fainali ya Kombe la Dunia 2025, England wakiwafunga Canada 33–13, Twickenham iliingiza watu 81,885. Watu hao wanataka ratiba wanayoijua, wanunue tiketi mapema, waje na watoto wao.

Kuhusu miaka miwili ya fedha, hapo mleta mada umenisogeza kidogo. Sijahama. Nina swali moja: nani atakubali? Wenye mashindano ni vyama hivyohivyo sita pamoja na mwekezaji wao. Unamwomba Wales au Italia apige kura ya kujiweka hatarini.

Mleta mada:

Timu nane nami sizitaki, kwa sababu hiyohiyo ya majirani. Mechi tano, kila mmoja akutane na kila mmoja, ndiyo roho ya michuano hii na isiguswe.

Nani atakubali? Kama ni kuanza mwakani, hakuna, na ndiyo sababu sidai mwakani. Waamue leo kwamba mchujo utaanza baada ya Kombe la Dunia la 2029 kule Australia. Leo hakuna chama kinachojua kwa hakika nani atakuwa mkiani wakati huo. Ireland wa 2023 hawakujijua watakuwa wa tatu mwaka uliofuata, na Wales waliokuwa wa tatu mwaka 2023 hawakujijua watashika mkia miaka miwili mfululizo. Ukipiga kura bila kujua wewe utakuwa upande gani, unapiga kwa haki.

Mechi yenyewe ichezwe nyumbani kwa timu ya mkiani, kama ilivyokuwa Cardiff. Hiyo ni heshima kwa aliye ndani, na mgeni akishinda pale hakuna wa kumnyooshea kidole.

Mchangiaji wa pili:

Kwa sharti la fedha na kwa tarehe hiyo, mimi wa safu ya mbele naweza kukubali, lakini naongeza langu: timu inayopanda ipewe angalau msimu mmoja mzima wa maandalizi kabla ya kukutana na England, pamoja na walimu wa skramu na wataalamu wa viungo wanaolipwa na mashindano. Asipandishwe mtu Juni akakabidhiwa England Aprili bila mazoezi ya nguvu ya kutosha. Mleta mada, hilo unalikubali au unalikataa?

Mleta mada:

Nalikubali lote, na gharama yake itoke kwenye mfuko mmoja na ule mgawo wa miaka miwili. Ndugu wa kwanza, umesema umesogea kidogo. Kama miaka miwili haikutoshi, taja idadi unayoona inamlinda mchezaji, tuijadili hiyo.