Fundi kasema laptopu zangu hazifai tena, Linux itanibeba dukani au nitajuta?

MangiSteshenari, Moshi

Habarini wakuu, nina kaduka ka steshenari hapa karibu na soko la Mbuyuni, nachapa barua na CV, naprinti, naskani, shule zinaniletea mitihani, na msimu wa mikopo ya vyuo ya HESLB vijana wanajaa mpaka nje. Nina laptopu mbili HP EliteBook 840 G3 nilichukua mtumba na desktopu moja ya zamani sana ipo ipo tu. Zote Windows 10. Sasa tangu Oktoba 2025 zinanisumbua na ujumbe kwamba apdeti basi, nikaenda kwa fundi akasema hizi haziingii Windows 11, nitafute nyingine, na kwa bahati anayo mpya ya kwenye boksi, prosesa yake Celeron, inang'aa balaa. Jamaa yangu wa Arusha ananiambia weka Linux, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, usahau. Mimi sio mtu wa kompyuta kihivyo, ninachotaka mteja akija na flashi yake kazi itoke, basi. Hiyo Linux ni ya kweli au ni mambo ya wanafunzi wa IT? Printa zangu ni LaserJet P1102 na Epson L3110.

MzeeWaTerminali, Arusha

Mangi, usitupe kitu. Hizo G3 zina prosesa za Intel kizazi cha 6, Microsoft kwenye Windows 11 wanaanzia kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0, ndio sababu zinagomewa, hakuna kilichokufa humo ndani. Na hiyo Celeron ya boksi achana nayo kabisa. Laptopu za namna hiyo mara nyingi RAM ni GB 4 imechomelewa kwenye bodi, storeji ni eMMC, chipu ya kuhifadhia, ya GB 64 nayo imechomelewa, siku ikijaa au ikifa unabaki na sinia la plastiki. Hiyo yako igeuze, legeza skrubu za mfuniko wa chini, utakuta slot mbili za RAM na hard disk inayochomoka. Weka SSD, diski ya kasi, fikisha RAM GB 8, utashangaa mwenyewe.

Mimi niko Linux tangu enzi Ubuntu, moja ya aina za Linux, wanatuma CD za bure kwa posta, unajaza fomu mpaka unasahau, siku moja unakuta bahasha kwenye sanduku. Nimepita aina nyingine, Debian, Fedora, nikajifanya kijana nikaingia Arch, saa hizi niko Mint yenye muonekano mwepesi wa Xfce na sihami. Ubuntu yenyewe nilianza kuachana nayo walipoanza kutusukumia snap, ufungashaji wao wa programu, mpaka Firefox tangu toleo la 21.10 inakuja kwa snap, kwenye mashine yenye hard disk unaibonyeza unaenda kuchemsha chai unarudi bado inafunguka. Mint wamekataa hayo mambo. Mint 22 ina apdeti mpaka 2029, na hazikuvamii asubuhi wateja wamesimama, unazishusha siku una bando.

Kwenye steshenari itakayokufurahisha kuliko zote ni flashi. Unajua vile virusi vya shotikati, mwanafunzi anakuja analia faili zake zote zimegeuka vishale vya KB 1? Ukichomeka hiyo flashi kwenye Linux hivyo vishale vinabaki faili za .lnk zisizo na pa kwenda, na folda halisi ambayo kirusi kilikuwa kimeificha unaiona hapo hapo, mara nyingi haina hata jina, ukifungua kazi zake zote zimo. Unazitoa nje, unafuta takataka, mtoto anaondoka anacheka na wewe umeshapata buku mbili. Na mashine yako haijaambukizwa kitu, sio kwamba Linux haina virusi, ila vile vimeandikwa kwa ajili ya Windows.

HESLB, Ajira Portal, BRELA, hayo yote ni brauza, hayajali uko kwenye nini. Epson L3110 haina shida. P1102 ina vituko vyake kidogo lakini inakubali.

Usiniamini mimi wala fundi. Shusha Mint, iweke kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus hapo hapo kwenye Windows yako, zima, washa huku unabonyeza F9, chagua flashi. Itawaka bila kugusa diski. Printi, skani, ingia HESLB, usiporidhika chomoa flashi uendelee na maisha.

MhasibuNjiro, Arusha

Mzee wangu shikamoo, ila usimpambe sana huyu Mangi. Mimi niko ofisi ya utalii hapa mjini, kijana mmoja wa IT alikuja na moto huo huo akatubadilishia kompyuta zote kwa wikendi moja, Jumatatu programu zetu za uhasibu, Tally haifunguki, QuickBooks ya desktopu haifunguki, bosi anataka ripoti. Tulirudi Windows kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa Linux ukimwambia programu fulani haipo anakwambia kuna mbadala, sasa mbadala wakati data za miaka yote ziko humo? Mangi kama una programu ya hesabu au unatengeneza picha za paspoti kwa Photoshop fikiria mara mbili. Halafu Microsoft wameweka nyongeza ya apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026 kwa wenye Windows 10, unajiandikisha kwenye settings, una muda wa kupumua.

MzeeWaTerminali, Arusha

Marahaba mwanangu. Hapo uko sahihi na huyo kijana alikosea, ofisi ya watu haibadilishwi kwa wikendi. Tally ibaki Windows, sitabishana, na mtu akikwambia utaiendesha kwa Wine, ile ya kufungulia programu za Windows ndani ya Linux, mwambie aje akae yeye siku ya kufunga mahesabu. Ndio maana nasema Mangi ana mbili, moja iende Mint nyingine ibaki ilivyo na hiyo nyongeza. Picha za paspoti GIMP, programu ya bure ya picha, inafanya, toleo la 3.0 limetoka 2025 limekaa vizuri, ila kama mkono umeshazoea Photoshop wiki ya kwanza utatukana. Kuna Photopea pia, inafunguka kwenye brauza na sura yake ni kama Photoshop.

MwlRau

Mimi ni mwalimu hapa Moshi, na mitihani ndiyo inayoniuma. Natype kwa Word nyumbani, nikipeleka steshenari yenye LibreOffice, ile ya bure badala ya Word, swali la 12 linahamia ukurasa wa pili, picha ya jiometri inakaa juu ya maandishi, na zile fomula za hesabu zinakuwa vitu vya ajabu. Mwanafunzi akiona karatasi hivyo anadhani mwalimu kalewa. Mangi kama unategemea shule liangalie hilo kwanza.

MzeeWaTerminali, Arusha

Mwalimu hilo ni la kweli, ndilo linalowarudisha watu wengi kuliko printa. Sehemu kubwa ni fonti. Word kwa miaka mingi imekuwa ikiandika kwa Calibri au Cambria, hizo ni mali ya Microsoft hazimo kwenye Linux, mashine inapachika fonti nyingine yenye upana tofauti, mstari unasogea, ukurasa unafuata. Kuna mbili zilizotengenezwa kwa upana ule ule, Carlito inashika nafasi ya Calibri, Caladea inashika ya Cambria, Mangi ziweke mapema na nusu ya vurugu itaisha. Picha iliyowekwa ielee juu ya maandishi na zile teksti boksi ndio bado mtihani, na fomula nazo wakati mwingine. Hapo dawa ni mwalimu kuleta PDF, PDF haisogei popote. Au Mangi aweke OnlyOffice, nyingine ya aina hiyo hiyo, pembeni, kwa faili za docx naiona inatunza mpangilio kuliko LibreOffice, ingawa moyo wangu uko LibreOffice. Nakumbuka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa KiLinux walitoa OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, nilipoona najisikia kabisa hii kitu ni yetu.

chaliiR

Mzee mimi sina steshenari, niko chuo, nataka laptopu used nisome na kuandika programu (coding) kidogo, nichukue nini? Na kwa nini usiseme simu, Android si Linux pia?

MzeeWaTerminali, Arusha

Android ina kerneli, yaani kiini, ya Linux ndio, ila jaribu kuwa bosi wa simu yako mwenyewe uone. Simu nyingi za bei nafuu miaka miwili mitatu mtengenezaji anaacha kutuma apdeti, batri imegandishwa kwa gundi, unaambiwa nunua nyingine. Simu naiweka kwenye kundi la vitu vya kuazima hata kama umelipa wewe.

Laptopu tafuta ThinkPad T480. Ni ya 2018, nyingi zina prosesa kizazi cha 8 kwa hiyo hata Windows 11 inaingia ukihitaji, RAM unaongeza, na ina batri mbili, ya ndani na ya nje, umeme ukikatika unachomoa ile ya nje unapachika nyingine mashine ikiwa bado inawaka. Ukienda kununua usiangalie mng'ao. Fungua noutipadi ubonyeze kila herufi, chomeka flashi kila tundu, ingia BIOS, ile menyu ya kabla Windows haijawaka, uone kama kuna paswedi, maana nyingine zimetoka maofisini huko Ulaya zikiwa zimefungwa na muuzaji hakwambii. Akikataa usiwashe na flashi yako ya Linux pale pale, ondoka.

MangiSteshenari, Moshi

Wakuu nimerudi. Nimewasha kwa flashi kama mzee alivyosema, Epson imeprinti na kuskani bila kuulizwa chochote, hata sijaweka CD. HESLB imefunguka. Flashi ya dada mmoja wa shotikati faili zake zimeonekana kweli, nilimwita fundi aje aone akasema mh. Ila P1102 nikiichomeka inatokea kama CD kwenye desktopu, sio printa. Na ile desktopu ya zamani imegoma kuwaka na flashi kabisa.

MzeeWaTerminali, Arusha

Hiyo CD ndicho kituko nilichosema, inaitwa Smart Install, printa inajifanya CD ili Windows ijiwekee draiva. Ichomeke kwenye ile laptopu inayobaki Windows, tumia programu ya HP yenyewe kuizima hiyo Smart Install. Rudi Mint ukishaiweka kwenye diski, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika `hp-plugin -i`, itaomba kushusha plagini, kubali, kisha ongeza printa kama kawaida. Uwe na bando wakati huo. Desktopu niandikie ni prosesa gani, kama ni ya biti 32 Mint 22 haiingii, na Debian nao toleo la 13 hawana tena cha kuinstolia mashine za hivyo, itabidi Debian 12. Na kabla hujagusa diski ya laptopu toa mitihani yote weka pembeni, hasa ya shule ambazo hazijalipa.