MREJESHO: Vipuri vya pikipiki ya Triumph Bonneville ya 1969

Wakuu, asanteni sana mlionijibu nilipouliza kama Bonneville yangu niitafutie vipuri orijino au vya kuiga. Nipo Birmingham.

Kabureta nilifuata ushauri wenu, nikanunua mpya za Amal (ndizo orijino), ambazo bado zinatengenezwa hapa Uingereza. Zile za kuiga, slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta) zilikuwa zinacheza, ukitikisa unasikia kabisa. Ndiyo maana injini haikutulia ikinguruma bila kupewa mafuta. Sasa inawaka kiki moja, raha tupu!

Kwenye sili za oili, orijino haikusaidia. Zilikuwa za stoo ya zamani, raba imekauka ngumu, oili ikavuja palepale. Nimeweka za kisasa za vaitoni (raba inayostahimili joto na oili), pakavu. Kava ya klachi bado inavuja kidogo, hata baada ya kubadili gasketi.