MREJESHO: Hukumu ya urithi wa marehemu baba imepatikana

Jamani, ni mimi yule niliyeuliza namna ya kupata hukumu ya urithi wa marehemu baba, iliyotolewa hapa Bukavu, Kongo, mwaka 2014, karatasi zetu zikiwa zimeungua pamoja na nyumba. Nimeipata!

Mlioniambia niende tribinali ya amani (tribunal de paix, mahakama ya ngazi ya chini), si tribinali kubwa, mlisema kweli: kesi za ndoa na urithi huanzia huko. Kosa langu lilikuwa kwenda na jina la baba tu. Karani wa grefe, ofisi inayotunza nyaraka za mahakama, alinitazama kama mtu aliyekuja sokoni bila franka hata moja. Daftari zao zinafuata namba ya RC, yaani namba ya kesi ya madai. Siku tatu nilizunguka bure, mvua ya Bukavu mgongoni, mpaka shangazi akakumbuka mwito wa mahakama aliouficha ndani ya Biblia. Namba ilikuwa juu yake! Wiki moja, nakala ikatoka. Nililipa, nikadai risiti. (Kijana mmoja koridoni alitaka "ya sukari", yaani hongo, nikajifanya sisikii.)

Kuhusu swali langu la pili, nani anarithi nini: Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto robo tatu ya urithi. Robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Na mtoto wa nje aliyetambuliwa na baba anahesabiwa sawa na sisi.

Baba mdogo miaka yote anasema nyumba ni ya ukoo. Jumapili ninamwekea nakala mezani, baada ya fufu.