Naomba ushauri: albamu mpya za jazz nizipateje zikiwa mpya, na nizigawane vipi na wenzangu wa Amu?

BintiLangoni (Lamu)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Mimi ni mkaazi wa Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Tuna kikundi chetu kidogo cha WhatsApp cha wapenzi wa jazz: walimu wawili watatu, nahodha mmoja, kijana anayepokea wageni Shela, na mamangu mdogo, ambaye mwanzo alikuwa akituvumilia tu na sasa ndiye anayeniuliza kila wiki, "Leo kuna kipi kipya?" Jibu sina, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Programu ninayosikilizia muziki hunirudisha palepale. Nikiandika jazz napewa Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya mwaka 1959, kisha orodha ndefu za piano laini za kusomea na kulalia, ambazo hata mpigaji wake hatajwi. Kind of Blue naipenda kwa moyo wote. Lakini wako watu walio hai, wanaorekodi leo, na habari zao hunifikia kwa bahati tu, tena zimechelewa. Bendi ya Ezra Collective niliwasikia waliposhinda tuzo ya Mercury, ya albamu bora kule Uingereza, mwaka 2023, na albamu iliyowapa ushindi, Where I'm Meant to Be, ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia.

Tatizo la pili ni kugawana. Si wote wana bando la kutosha. Mwenzetu mmoja huweka simu mbele ya spika, akarekodi, akatutumia kama ujumbe wa sauti. Matoazi hayasikiki, besi imepotea, na watu wanasema jazz haieleweki. Wengine wanataka tutumiane mafaili, na hilo moyo wangu hauliridhii.

Na la tatu: wenzangu wengi masikio yao yamelelewa na taarab. Nianze nao wapi?

fundi_sauti (Malindi)

Wa alaykum salaam dada. Acha nianze na hesabu, kwa sababu watu huogopa bando kuliko inavyostahili.

Wimbo wa MP3 wa kilobiti 320 kwa sekunde unakula MB 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 45 ni kama MB 108. Ukishuka hadi kilobiti 128, albamu hiyohiyo ni MB 43 hivi. Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya programu yako, uchague ubora wa kati, na upakue albamu nzima mara moja mahali penye Wi-Fi. Ukisikiliza mara tano, umelipia bando mara moja au hukulipa kabisa. Wanaomaliza bando ni wale wanaosikiliza kupitia YouTube huku picha inacheza.

Ule ujumbe wa sauti uacheni kabisa. WhatsApp huubana kwa ajili ya maneno ya mtu, si kwa ajili ya bendi. Tena simu na vile vispika vidogo vya mkononi haviwezi kutoa besi kubwa ya jazz. Uzi wake mzito kabisa uko kwenye hezi 41 hivi, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na kispika kidogo hapo kimeshakata pumzi. Mtu asiyeisikia besi hawezi kujua wimbo unaelekea wapi, na hapo ndipo anaposema haueleweki. Tafuteni spika kubwa ya waya, ya kuazima kama hamna, au kila mtu avae spika za masikioni zilizo nzuri kidogo.

Nyota_ya_Shela (Lamu)

Dada, kumbe tu majirani! Mimi naomba nijibu lile la kwanza, maana limenisumbua sana zamani.

Programu hukupa kilichosikilizwa na wengi, na albamu mpya ya jazz siku ya kwanza husikilizwa na wachache. Haitakufikia kwa njia hiyo. Fuata watu. Kwenye jazz, leo mtu ni kiongozi wa bendi, kesho anampigia mwenzake, na majina yote yameandikwa kwenye albamu. Kuyasoma majina hayo ni nusu ya kazi.

Nikupe mfano. In These Times ya Makaya McCraven, mpiga ngoma wa Chicago, ilitoka 2022. Mle ndani mna kinubi kilichonisimamisha. Nikasoma majina: Brandee Younger. Nikamfuata, nikakuta ana Brand New Life ya 2023, iliyotayarishwa na McCraven huyohuyo, na baadaye akatoa Gadabout Season, 2025. Gitaa la In These Times ni la Jeff Parker. Nikamfuata naye, nikafika kwenye The Way Out of Easy ya 2024: vipande vinne tu, virefu, vimerekodiwa mbele ya watu huko Los Angeles, na wapigaji hawana haraka hata kidogo. Albamu ile naisikiliza boti ikivuka kutoka Mokowe, na huwa naomba nahodha asikimbilie.

Kisha tazama lebo, yaani kampuni inayotoa albamu. The Way Out of Easy imetolewa na International Anthem ya Chicago kwa kushirikiana na Nonesuch. International Anthem ndio hao waliotoa Rainbow Revisited, 2023, ya Thandi Ntuli, mpiga piano wa Afrika Kusini, akiwa na Carlos Niño. Ukiipenda lebo moja kwa dhati, jisajili upate barua pepe zake. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, ina kitufe cha kumfuata msanii au lebo, na kikitoka kitu unaarifiwa. Unaweza hata kumfuata msikilizaji mwenzako uone alichonunua. Mimi nina watu ninaowafuata ambao hatujuani, na nawaamini kuliko gazeti lolote.

Na ujue siku. Tangu Julai 2015 albamu mpya duniani kote hutoka Ijumaa. Mimi Alhamisi usiku naweka orodha yangu tayari, na Ijumaa alasiri nasikiliza moja, si kumi.

kijana_flashi (Malindi)

Salamu zenu. Mimi naona mnajizungusha. Mmoja anunue, aweke kwenye flashi, flashi izunguke mtaani. Kila mtu apate. Msanii yuko London au New York, hatapungukiwa na kitu kwa watu kumi wa Amu. Na tukisema ukweli, wengi wetu kadi ya benki hatuna. Kulipa tutalipaje?

MpigaUdi (Malindi)

Mwanangu kijana_flashi, nisikilize kwa utulivu, sikugombi.

Mimi nimepiga udi kwenye harusi za pwani hii tangu zama za kanda. Tulikuwa tukipiga usiku kucha, mtu anaweka redio kaseti miguuni mwetu, na wiki ya pili ile kanda inauzwa kutoka Malindi hadi Lamu. Muziki ulisambaa, nakubali, na watu walitujua kwa hilo. Lakini aliyenunua nyuzi za udi ni mimi, na aliyelipa nauli ya wapigaji ni mimi. Wenzangu hodari kunishinda waliacha muziki wakaenda kuvua na kuuza duka. Hukuwasikia wewe, na hutawasikia, kwa sababu hawakupata cha kurekodia kanda ya pili. Wanaopiga jazz leo hawana utajiri unaoudhania. Albamu moja ikinunuliwa na watu mia tano, kwao hilo ni jambo la kusherehekea. Watu kumi wa Amu wanahesabika.

Sasa BintiLangoni, swali lako la tatu ndilo langu. Waanzishie kwenye udi. Yeyote aliyekulia Amu anamjua marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapo hapo, na anajua udi unavyoweza kusema peke yake kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Sikio hilo ni tajiri, usilidharau.

Mwaka 2025 Anouar Brahem wa Tunisia ametoa After the Last Sky kupitia lebo ya ECM. Wapigaji ni wanne: yeye kwenye udi, Django Bates kwenye piano, Dave Holland kwenye besi, Anja Lechner kwenye selo. Hakuna ngoma. Jina la albamu limetoka kwenye shairi la Mahmoud Darwish, mshairi wa Palestina, na Brahem amesema Gaza ilikuwa moyoni mwake alipoiandaa. Mtu wa taarab ataingia humo bila kubisha hodi, kwa sababu maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, anayajua. Na akishaingia, mwoneshe Dave Holland ni nani: ndiye aliyepiga besi kwenye In a Silent Way ya Miles Davis, 1969. Hapo umemvusha kutoka taarab hadi jazz kwa mtu mmoja tu, na hujamlazimisha lolote.

Akitaka kujua kama udi kwenye jazz ni mtindo wa jana, mpe Jazz Sahara ya Ahmed Abdul-Malik, 1958. Huyo alikuwa mpiga besi wa mpiga piano Thelonious Monk, na udi aliupiga mwenyewe. Si albamu mpya, lakini ni mlango.

kijana_flashi (Malindi)

Shikamoo mzee. Nimekusikia, na hilo la kanda ya pili sikuwahi kuliwaza. Basi niambieni njia ya kulipa kwa mtu mwenye M-Pesa tu.

fundi_sauti (Malindi)

Ipo. Kwenye M-Pesa kuna GlobalPay, imeanza 2022. Inakupa nambari ya kadi ya Visa isiyo ya plastiki, na pesa hukatwa moja kwa moja kwenye M-Pesa yako. Tumia hiyo Bandcamp. Albamu nyingi pale unaruhusiwa kuzisikiliza nzima bure mara kadhaa kabla ya kununua, kwa hiyo kwenye kikundi tumeni linki, si faili. Mwenye kuipenda anunue. Ukinunua, unaipakua kwa MP3, au kwa FLAC isiyopunguza ubora wa sauti, na ni yako. Na kuna nafasi ya kununua kama zawadi: unaweka barua pepe ya mwenzako, naye anaipokea kihalali. Mkichanga watu watano mkamnunulia mama mdogo albamu moja, hakuna aliyeumia.

Pia kuna siku wanaziita Bandcamp Friday, zilizoanza Machi 2020 wakati wa korona. Siku hizo Bandcamp huacha fungu lake, ambalo kwa kawaida ni asilimia 15 ya mauzo ya kupakua. Angalieni tarehe zao, mnunue siku hiyo.

Mwl_Ganda (Malindi)

Nakubaliana na Nyota ya Shela kuhusu kufuata majina, ila asiwatupe wahakiki. Ukifuata majina peke yake utabaki kwenye ukoo mmoja. Kila mwaka hufanyika kura ya wahakiki wa jazz iliyoanzishwa na Francis Davis mwaka 2006. Usisome kumi bora na kuondoka. Soma kura ya mhakiki mmoja mmoja, maana zinachapishwa. Ukimpata mhakiki aliyechagua albamu tatu unazozipenda, ya nne asiyoijua mtu yeyote ndiyo ya kwako. Jarida la DownBeat nalo lipo tangu 1934 na bado linahakiki albamu mpya.

Na Afrika msiiache nyuma. Blue Note, lebo iliyoanzishwa New York mwaka 1939, ilifungua Blue Note Africa mwaka 2022, na albamu ya kwanza ilikuwa In the Spirit of Ntu ya Nduduzo Makhathini wa Afrika Kusini. Mwaka 2024 akatoa uNomkhubulwane, watu watatu tu: piano, besi, ngoma. Mwaka huohuo Abdullah Ibrahim wa Cape Town, akiwa na miaka 89, alitoa albamu inayoitwa 3. Na Mulatu Astatke wa Ethiopia, baba wa Ethio-jazz, yaani jazz ya Kiethiopia, ametoa Mulatu Plays Mulatu mwaka 2025, akizipanga upya nyimbo zake mwenyewe. Sioni sababu ya mtu wa Lamu kuanzia Chicago wakati Addis Ababa iko karibu.

Nyota_ya_Shela (Lamu)

Maalim, la wahakiki nimelipokea. Nyongeza moja kwa dada: unapotuma linki, usiandike "hii ni kali, sikilizeni". Hakuna atakayeifungua. Andika nani anapiga, na dakika ya kusubiri. "Ukifika dakika ya nne, sikiliza besi inavyobaki peke yake." Mtu akijua anachokisubiri, atavumilia hadi hapo, na mara nyingi atapitiliza. Na linki moja kwa wiki inatosha. Zikiwa tano zinafutwa zote.

BintiLangoni (Lamu)

Ahsanteni sana, wallahi mmenipa zaidi ya nilichoomba. Mzee MpigaUdi, shikamoo. Nimemsomea mamangu mdogo maneno yako kuhusu Zein, akanyamaza, kisha akasema alikuwepo kwenye baadhi ya harusi hizo.

Tumeamua hivi. Kila Ijumaa mmoja wetu analeta albamu iliyotoka ndani ya miezi kumi na miwili, na kabla ya kuicheza anasoma majina ya wapigaji wote. Tunakutana darini kwetu baada ya Isha, spika kubwa ya kuazima, sauti ya kiasi kwa sababu nyumba zimebanana na majirani wana haki yao. Albamu inachezwa nzima. Mchango ni shilingi mia kwa mwenye nazo, tukanunue kihalali, kwanza tukiisubiria Bandcamp Friday. Yule kijana wetu wa Shela ameshafungua hiyo GlobalPay.

Ya kwanza itakuwa After the Last Sky.

Mwl_Ganda (Malindi)

Hongera dada. Lakini kwa usiku wa kwanza mimi ningeweka Mulatu. Brahem hana ngoma, na kwenye kundi la watu wapya mtu asiye na ngoma ya kushika atasinzia.

MpigaUdi (Malindi)

Maalim, watu wa Amu hawasinzii udi ukipigwa. Mwanangu, weka Brahem. Mulatu awe Ijumaa ya pili, na unieleze mamako mdogo amesema nini.