Harusi kanisani Jilore: tule palepale, twende nyumbani ama turudi hoteli Malindi?

kaka_wa_bibiharusi
Hamjambo nyote. Dadangu anaolewa Jumamosi moja ya Agosti, ibada ni kanisa la kwetu upande wa Jilore, unaacha ile lami ya kwenda Sala Gate unaingia ndani kwa mchanga. Wageni tumehesabu 250, kama 60 wanatoka Mombasa na Nairobi na watalala Malindi. Sasa kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka tule hapohapo uwanja wa kanisa chini ya miembe, tukodi turubai na viti. Wengine wanasema ibada ikiisha twende nyumbani kwa mzee, ni dakika kumi kwa miguu lakini uwanja ni mdogo. Na wale wa mjini wanataka hoteli Malindi, bafe, AC, picha ufuoni. Mama hoteli hataki kabisa, baba amenyamaza. Aliyepitia haya anieleze.

MamaZawadi
Mwanangu, hoteli muisahau. Harusi ya mpwa wangu tulifanya hivo, ibada ilikuwa iishe saa sita ikaisha saa nane kasoro, kwaya ni tatu na kila moja lazima iimbe, alafu magari yakaja mawili badala ya manne. Wenye magari yao wakatangulia, wakafika, wakala. Sisi wenye harusi bado tuko chini ya mwembe. Nyanya yake bibi harusi, huyo ndiye aliyemlea, alikuwa amejifunga leso mpya tangu alfajiri, viatu amevishika mkononi visiingie mchanga, na gari la mwisho lilipofika likawa limejaa akasema nendeni tu wanangu, mimi narudi nyumbani. Akarudi akala sima na mchicha wa jana. Mpaka leo nikiona zile picha za keki naangalia pale alipostahili kusimama. Wageni wa Nairobi wana njia ya kufika kijijini, wazee wa kijijini hawana njia ya kufika hotelini, basi fanyeni karamu wazee walipo.

binti_Nyali
Pole sana mamaa, hiyo inauma. Ila mimi nawatetea wageni kidogo. Nilienda harusi ya shamba na mtoto wa miezi saba, choo ni kimoja, maji ya kunawa yalikwisha saa saba, na mahali pa kumlaza hakuna. Haikuwa ubaya wa mtu, hakuna aliyefikiria tu. Mkichagua uwanja wa kanisa ombeni darasa la shule ya jirani kwa kina mama wenye watoto, Agosti shule zimefungwa. Na matangi ya maji yajazwe Ijumaa, msingoje Jumamosi asubuhi.

mpishi_Shella
Naongea kama mpishi. Uwanja wa kanisa ni rahisi kwangu kuliko hapo nyumbani penye nafasi ndogo, kwa sababu madegi yanataka nafasi na moshi wa kuni unataka pa kupitia, na Agosti kusi inavuma, mkiweka jiko upande wa kusini moshi wote utaingia kwa wageni. Wekeni jiko kaskazini ya turubai.

Watu 250 ni mchele kilo 40 za pilau, hapo mna akiba kidogo. Nyama kilo kwa kilo na mchele, mkibana sana isishuke chini ya nusu. Kama mtakula kwa sinia, watu watano watano, ni sinia 50, na nakuambia sinia inapakuliwa haraka kuliko foleni ya sahani, ndani ya nusu saa kila mtu anakula, kachumbari na ndizi mbivu pembeni. Wageni wa heshima muwape sahani wakitaka.

Jambo moja msilisahau: nyinyi wa Malindi mna ndugu Waislamu, kila nyumba. Mbuzi na ng'ombe wachinjwe na Muislamu. Usipike vyungu viwili, cha Wakristo na cha Waislamu, watu wakaanza kuulizana. Chungu kimoja halali, sote tunakula.

kaka_wa_bibiharusi
@mpishi_Shella ahsante sana, shangazi zetu wawili wa Mambrui ni Waislamu na hatukuwa tumeliwaza hilo. Aibu ingekuwa kubwa.

dereva_33
Usafiri: hao 60 wakodishieni basi mbili za watu 33, msihangaike na Nissan tano, moja lazima ipotee ama isimame kununua soda. Watoke Malindi saa mbili na nusu kwa ibada ya saa nne. Kurudi, basi zing'oke saa kumi na moja kamili, saa kumi na mbili na nusu giza linaanza kuingia na ile njia ya mchanga usiku si ya dereva mgeni. Mwekeni kijana mmoja pale kona ya lami ashike kitambaa chekundu, simu zinapoteza njia.

mkwe_wa_Kakoneni
Naunga uwanja wa kanisa kwa chakula, lakini nyumbani msikuache. Kuna mambo ya wazee hayasemwi kwa spika, na pombe ya mnazi haiwezi kuingia uwanja wa kanisa. Chakula kikiisha, wazee wa pande zote mbili waende kwa mzee, wakae kwa mikeka, waongee yao. Ndio maana baba yako amenyamaza, nadhani anangoja mtu alitaje. Muulize ukiwa naye peke yake.

Na turubai kamba zifungwe kwa miembe, vigingi vya mchangani kusi itaving'oa.

kaka_wa_bibiharusi
Nimemuuliza. Amesema "mkwe huyo ana akili", akatoka kwenda kupima uwanja wa nyumbani kwa hatua.

Basi ni hivi: tunakula kanisani kwa sinia, wazee nyumbani kuanzia saa tisa, basi mbili, chungu kimoja halali. Wa hotelini tutawaletea mahamri na mbaazi Jumapili asubuhi hapo Malindi, wapige picha zao ufuoni bila haraka. Matangazo kanisani yanaanza Jumapili ijayo, Jumapili tatu, na mashahidi wawili tayari wametoa vitambulisho. Nyanya nimemwekea kiti mbele, karibu na dada. @mpishi_Shella nipigie hesabu ya kuni tafadhali.