Mkanda wa mwendo wa mashine ya nyasi umekatika: je, tuubadilishe wenyewe?

Ujumbe wa kwanza, kutoka Georgia

Ndugu wapendwa, habari za huko mliko. Jumamosi iliyopita mashine yetu ya kukatia nyasi, ile ya kukalia yenye nyenzo mbili badala ya usukani ambayo wengi wetu tumezoea kuiita ziro-teni, ilisimama katikati ya uwanja ulio nyuma ya nyumba. Injini inanguruma kama kawaida na visu vinazunguka, lakini ukisukuma nyenzo mbele au nyuma, magurudumu hayasogei hata kidogo. Mume wangu alichungulia chini akaona kipande cha mkanda kinaning'inia. Fundi mmoja wa hapa ametuambia tumpelekee na tusubiri wiki tatu, kwa kuwa huu ndio msimu wake wa kazi nyingi, lakini nyasi za hapa mwezi wa Juni hazisubiri mtu, na jirani ameshaanza kutuuliza kwa upole. Je, kazi hii inaweza kufanywa nyumbani na mtu asiye fundi, na tuanzie wapi?

Ujumbe wa pili, kutoka Kentucky

Dada, poleni sana wewe na shemeji. Kazi hiyo inafanyika nyumbani, nanyi itengeeni nusu siku. Nimekata nyasi za watu hapa kwa misimu sita na mikanda ya namna hiyo nimeibadilisha mara nne, ya kwanza kwa makosa ambayo nitayaeleza ili yasirudiwe.

Mashine hizi kwa kawaida zina mikanda miwili, na msiichanganye. Mkanda wa visu unatoka kwenye klachi ya umeme iliyo chini ya injini na kwenda kwenye kava la visu. Mkanda wa mwendo uko juu ya huo: unatoka kwenye puli iliyo juu ya klachi, unazungusha puli za giaboksi mbili za haidroliki, moja kwa kila gurudumu la nyuma, nao hubanwa na puli ya kukazia inayovutwa na springi. Kwa kuwa mkanda huo mmoja ndio unaozilisha giaboksi zote mbili, ukikatika magurudumu yote mawili hukosa nguvu kwa pamoja, kama ilivyowatokea. Lingekuwa gurudumu moja tu, ningewaambia muangalie giaboksi ya upande huo au fimbo inayoiunganisha na wenzo wake.

Kuisukuma hadi kwenye sakafu ngumu, tafuteni nyuma ya mashine vijiti viwili vya kuachia giaboksi, kimoja kila upande. Bila kuvivuta magurudumu hubaki mazito. Msifanye hivyo penye mteremko, kwa sababu mashine ikiwa imeachiwa hakuna kinachoizuia isipokuwa breki ya kuegeshea. Mkimaliza kazi, virudisheni mahali pake. Nimewahi kuitwa na mtu aliyeapa kwamba mkanda wake mpya ni mbovu, kumbe alikuwa amesahau vijiti hivyo tu.

Kabla ya kugusa chochote, acheni injini ipoe, toeni ufunguo, vueni waya wa plagi na kufungua waya hasi wa betri. Visu ni vikali, hivyo vaeni glavu nzito. Mkihitaji kuinua mashine, jeki ni ya kuinulia tu. Mkono wa mtu usipite chini mpaka fremu iwe imekalia stendi za chuma. Wala msiisimamishe wima ukutani kama nilivyowaona wengine wakifanya, kwa maana petroli itamwagika na oili ya injini itaingia mahali pasipo pake.

Sasa kazi yenyewe. Shusheni kava la visu hadi chini kabisa, kisha uondoeni mkanda wa visu kwenye puli ya klachi, kwa sababu huo ndio unaoziba njia. Pigeni picha za mkanda wa mwendo, au za njia yake kama umeshaanguka, pamoja na ule mchoro mdogo ambao mara nyingi hubandikwa kwenye fremu. Kisha legezeni springi ya puli ya kukazia. Baadhi ya mikono ya puli hiyo ina tundu la mraba la kuingizia mpini wa spana ya soketi, nanyi mnauzungusha taratibu. Pasipo na tundu, springi huvutwa kwa ndoano maalumu au kwa kamba ngumu. Vaeni miwani ya kinga na msikae mkielekeza uso kwenye mstari wa springi, kwa kuwa ikichomoka hurudi kwa kishindo.

Mahali nilipokosea mimi ni kwenye klachi. Mkanda mpya hauna budi kupita kuizunguka klachi nzima ili ufikie puli iliyo juu yake, na njiani kuna waya wa umeme na kipande cha chuma kinachoizuia klachi isizunguke pamoja na ekseli ya injini. Nilichomoa waya, nikafungua kipande kile, nikapitisha mkanda vizuri, kisha nikasahau kukirudisha. Nilipowasha visu, klachi ilizunguka nusu duara na kuung'oa waya wake wote, na hasara ya siku ile ilizidi bei ya mkanda mara kadhaa.

Lakini la kufanya kabla ya hata kuununua mkanda ni kutafuta kilichoukata. Mkanda uliozeeka huwa na nyufa nyingi ndogo upande wa ndani, na huo umekufa kwa umri wake. Mkanda unaong'aa ubavuni kama kioo umekuwa ukiteleza na kuungua. Sisi tuliokulia karibu na mashine za kusaga unga tunaifahamu harufu yake. Mkanda uliolowa oili unawaelekeza kwenye sili ya giaboksi inayovuja. Uliochanika upande mmoja tu unaonyesha puli iliyopinda au iliyohama kwenye mstari wake. Kwa hiyo zungusheni kila puli kwa mkono mkisikiliza: beringi nzima huzunguka kimya, beringi iliyokufa hukwaruza, hulegalega au hugoma kabisa. Mkifunga mkanda mpya juu ya puli mbovu, mtaufungua tena baada ya wiki moja.

Namba ya modeli mtaikuta mara nyingi kwenye kibandiko chini ya kiti, na kwa namba hiyo agizeni mkanda wa mtengenezaji mwenyewe. Msiupime ule uliokatika mkanunua wa urefu huo, kwa kuwa mkanda wa zamani huwa umeshanyooka.

Ujumbe wa tatu, kutoka Texas

Shikamoo kaka wa Kentucky. Maelezo yako ni mazuri na sina la kupinga kuhusu klachi, ila kuhusu mkanda wa mtengenezaji naomba kutofautiana nawe kidogo. Kwa uwanja wa nyumbani unaokatwa mara moja kwa wiki, mkanda wa kampuni nyingine unatosha, mradi urefu na upana vilingane na vilivyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, si na mkanda uliokatika, na ndani yake uwe na nyuzi za aramidi, ambazo huhimili mishtuko ya kukazwa na kupinda kuliko nyuzi za kawaida. Kosa ninaloliona kwa watu wetu ni kununua mkanda wa gari kwa sababu tu umekaa vizuri kwenye puli. Huo haukutengenezwa kwa kupindwa kinyumenyume na puli bapa.

Niongeze pia kwamba upande mwembamba wa mkanda, ule wenye umbo la kabari, ndio unaoingia kwenye puli zenye mfereji, na mgongo wake ndio unaogusa puli bapa. Mkiona mgongo umelala ndani ya mfereji, mkanda umejisokota mahali fulani, nao hautamaliza siku.

Ujumbe wa nne, kutoka Georgia

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Tumefuata mlivyoelekeza, na ilituchukua saa tano, mbili kati ya hizo zikiwa za kutafuta boliti iliyoangukia kwenye nyasi. Kilichoukata mkanda ni puli ya kukazia: beringi yake ilikuwa imekwama kabisa, na uso wake ulikuwa umeungua hadi ukawa na rangi ya samawati mahali mkanda ulipokuwa ukisuguana nao bila kuzunguka. Tumenunua puli mpya na mkanda wa mtengenezaji, kwa kuwa mume wangu aliposoma habari ya klachi alisema hataki tena kubahatisha.

Tulipojaribu mara ya kwanza, mkanda ulichomoka kabla hata mashine haijafika langoni. Tulipochungulia tukakuta tumeupitisha nje ya kijichuma kimoja kati ya vile vinavyouzuia usiruke kwenye puli, ingawa picha tuliyopiga wenyewe ilionyesha wazi kwamba unapita ndani. Baada ya kuurekebisha, tuliendesha kwa mwendo mdogo mbele na nyuma bila kuwasha visu, tukazima, tukachungulia tena, ndipo tukaanza kukata.

Limebaki swali moja. Mashine inakwenda vizuri, lakini nyenzo zote mbili zikisukumwa sawasawa huvutia upande wa kushoto. Je, ni mkanda?

Ujumbe wa tano, kutoka Kentucky

Dada, mkanda ni mmoja kwa pande zote mbili, hivyo hauwezi kuvutia upande mmoja. Msiguse skrubu za kurekebisha mwelekeo kwanza. Pimeni upepo wa matairi ya nyuma asubuhi kabla hayajapata joto, na muanze na lile la kushoto.