Naomba ushauri: holda za taa za nyuma, jeep Willys MB ya 1944
Wakuu, habari zenu. Holda (vishikio vya balbu) za taa za nyuma za jeep yangu zimeliwa na kutu, springi zimelegea, ukigusa bodi tu mwanga unafifia. Taa ya kulia kiasili ni ya mwanga hafifu wa vitani tu, nami nataka iwake vizuri pamoja na breki. Nafikiria holda ya BAY15d, ile ya balbu ya nyuzi mbili.

Umeme ni volti 6 na sitaki kabisa kuubadilisha. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, ndiyo inanisumbua: balbu ya wati 21 huvuta ampea 3.5, kutu kidogo tu inameza mwanga. Nivute waya wa ethi hadi chesisi, au kusugua kopo la taa kunatosha? Na holda mpya nitaifungaje bila kutoboa kopo la asili?